Kiatu Hukaguliwa kwa Mkono

Nimestaafu miezi mitatu sasa na kukaa sijui. Mke wangu ananiwekea kiti barazani, nakaa kidogo, kisha najikuta nimeinama nageuza kandambili za mgeni kuona zimelika upande gani. Juzi stendi ya Masasi nilimfuata mama mmoja nisiyemjua kutoka kwenye basi la Newala hadi kwenye vibanda vya nguo, kwa sababu tu alikuwa anakanyagia ukingo wa nje wa mguu. Akageuka akaniuliza, "Baba, kwani tunafahamiana?" Mke wangu anasema iliyostaafu ni mikono, macho bado yako kazini.

Zuhura, wewe ndiye uliyeachiwa meza yangu kwenye karakana ya viatu pale hospitali ya misheni, kwa hiyo haya nakuandikia wewe kwanza. Watakaokuja baada yako nao wasome wakipenda. Nimeyaanza mara tatu nikayachana. Habari za vyeo naziacha. Wewe mwenyewe unajua karakana yetu haina ngazi ya kupanda, ina stuli mbili. Nataka kusema juu ya viatu, na juu ya mama mmoja aliyenifundisha Biblia inasema nini kuhusu uzuri, wakati mimi nilidhani namfundisha yeye. Na kuna neno moja nililoliacha likaandikwa uongo kwenye faili lake. Hilo ndilo linaloninyima kukaa.

Siku ya kwanza nilifika kutoka Lukuledi nikiwa kijana mwenye cheti cha kushona viatu na majivuno ya kutosha watu wawili. Nilimkuta Mzee Issa, Myao wa Masasi, mtu wa swala tano na maneno machache, na katika hayo machache mengi yalikuwa ya kututania sisi Wamakua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kukagua kiatu?"

"Najua."

Akapanga jozi tano za makubadhi mezani. "Kimoja kina punje ya mtama ndani. Nionyeshe."

Nikavigeuza vyote. Nikavipeleka dirishani kwenye mwanga, nikavitazama kisigino na pua. Nikamwambia hakuna punje, mzee ananijaribu. Akanyoosha mkono, akauingiza kwenye kiatu cha tatu, akapapasa chini ya raba, akatoa mtama.

"Umeshamkata mtu mguu," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Wagonjwa wetu wakati ule wengi walikuwa watu waliougua ukoma. Dawa ilikuwa imewaponya, hawamwambukizi mtu, lakini ganzi ilibaki miguuni. Mtu mwenye ganzi anaweza kutembea na kijiwe kiatuni kutoka Chiungutwa mpaka Masasi asijue, hadi aone damu. Ndiyo maana Mzee Issa alikuwa akisema kwamba jicho nalo lina ganzi, tena kuliko mguu wa mgonjwa. Kiatu hukaguliwa kwa mkono. Na kanuni yake ya pili ilikuwa gundi na uzi, chuma marufuku. Alichukia chuma kiasi kwamba hata ukutani hakutaka msumari. Koti lake alilitundika kwenye kamba.

Vifaa unavijua, ni vilevile: msharasi wa kutobolea, sindano mbili, uzi wa nailoni uliopakwa nta, kisu cha kukatia tairi, raba laini ya kulalia unyayo. Mgonjwa anasimama juu ya karatasi, unauzungushia mguu wake penseli. Nilizipenda zile karatasi. Miguu isiyo na vidole ikichorwa inafanana na ramani za nchi ambazo hujawahi kufika.

Makubadhi tuliyotoa yalikuwa meusi, mapana, soli ya tairi, mikanda miwili. Yalikuwa salama na sura yake ilikuwa mbaya, hilo lazima tukiri. Ukanda mzima wa Masasi mpaka Newala watu walikuwa na jina moja tu kwa makubadhi hayo: viatu vya wakoma.

Nilikuwa na miaka kadhaa kazini alipokuja Mama Skola. Mmakonde wa Newala, ameolewa Chiungutwa, kanizidi umri kidogo. Alikuwa katekista, anatembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango kuwafundisha wanaojiandaa kubatizwa. Usoni hana alama, mikono mizima. Ugonjwa ulikuwa umemwachia ganzi ya miguu na vidole vilivyojikunja, basi. Nilipompa makubadhi yake aliyanyanyua kwa kidole kimoja.

"Fundi, hivi umeshonea miguu au umeshonea trekta?"

"Yatakulinda, mama."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Haya yatajitembeza yenyewe, mimi nitafuata nyuma."

Tukacheka. Kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba akiingia kigangoni na viatu vile, kabla hajafungua kinywa, akina mama wanavuta watoto wao kwenye mkeka. Anaanza kufundisha habari za Mungu na nusu ya mkeka iko wazi.

Wakati huo nilikuwa na moto wa dini. Nikamjibu kwa Maandiko. Nikamwambia Samweli alipotaka kumpaka mafuta mtoto wa kwanza wa Yese kwa sababu ya urefu na umbo, Mungu alimkataza. Mwanadamu huangalia nje, Mungu huangalia moyo. Nikamwongezea Petro: pambo la mwanamke lisiwe la kusuka nywele na dhahabu na nguo, liwe la moyoni, roho ya upole na utulivu. Nikamaliza kwa kumuuliza kama katekista mzima anahitaji kufundishwa hayo na mshona viatu. Nilijiona nimesema.

Mama Skola alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma vizuri, Baba Imelda. Sasa teremka mistari mitano. Daudi akaletwa, na Biblia inakwambia ana macho mazuri na umbo la kupendeza. Kwa nini inatutajia? Si ingenyamaza? Na Esta alipakwa mafuta mwaka mzima kabla ya kwenda kwa mfalme, uzuri wake ukaokoa watu. Petro hakutaka tutegemee dhahabu, sawa. Lakini hakusema tairi ndiyo roho ya upole." Akavua kanga ya begani, akafungia makubadhi. "Samweli aliambiwa mwanadamu huangalia nje. Hakuambiwa ataacha. Mungu anaangalia moyo wangu, ila watu wa Chiungutwa wanaangalia miguu."

Alipofika mlangoni akageuka. "Isaya anasema miguu ya mleta habari njema ni mizuri juu ya milima. Itazame yangu, Fundi. Nani anadanganya, mimi au Isaya?"

Nilifikiri ana kiburi, na nilimwombea kwa kiburi hicho, Mungu anisamehe.

Baadaye ndipo tulipojua alichokuwa akifanya. Njiani alivaa makubadhi yetu. Akifika kwenye mikorosho ya mwisho kabla ya kijiji, anayavua, anayaficha kikapuni, anavaa viatu vyekundu vya mnadani, vyembamba mbele. Ganzi haikumwambia kitu. Alirudi kwetu na vidonda, akapoteza vidole viwili.

Mzee Issa hakumgombeza yeye, alinigombeza mimi.

"Umeshona kiatu kisichovaliwa. Kisichovaliwa hakijashonwa."

"Nilimwambia Mungu anaangalia moyo."

"Moyo haukanyagi miiba. Na sisi tumefundishwa kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Ninyi hamkufundishwa?" Akanitazama, akaona nimeumia, akapunguza sauti. "Mshonee kizuri. Lakini kumbuka, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usisahau mkono."

Hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho kazini. Mwezi uliofuata alihamia Tandahimba kwa binti yake, na meza ikawa yangu.

Nikarudi kwenye Biblia, safari hii natafuta uzuri kwa makusudi. Nikakuta mavazi ya Haruni yameagizwa yashonwe kwa utukufu na uzuri. Nikamkuta Bezaleli, fundi, amejazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya kupendeza. Fundi, Zuhura, si nabii! Nilitembea karakanani nikicheka peke yangu. Nilimkuta pia Absalomu, ambaye tangu wayo wa mguu hadi utosi hakuwa na ila, na tunajua mwisho wake. Huyo nilimsoma haraka, sikutaka kukaa naye.

Nilishona wiki tatu. Ngozi nyeusi, pua imefungwa, ndani nimejaza raba laini mahali pa vidole vilivyopotea. Bitana nilikata ngozi ya mbuzi, laini, rangi ya maziwa. Juu mkanda mmoja wenye bizimu la kufungia, la shaba linalong'aa. Pale bizimu linaposhikana na ubavu wa kiatu cha kulia uzi ulikunja ngozi, ukaonekana mbaya. Nikaufumua. Nikashona tena, ukakunja tena. Nikachukua ribiti moja ya shaba, kimsumari kifupi, nikaigongelea, nikailaza ncha yake ndani kwa nyundo, nikafunika na bitana. Ilikaa vizuri sana. Moja tu, nilijiambia, na Mzee Issa yuko Tandahimba.

Mama Skola alivifuata asubuhi ya kipaimara. Askofu alikuwa anakuja na yeye ndiye wa kuwaongoza watoto kanisani. Mume wake, Baba Skola, alikuwa nje ameshikilia baiskeli, anapiga kengele kutuharakisha. Mimi nilikuwa namalizia kupiga rangi, mikono yote myeusi hadi viganja. Nikavitazama vile viatu kila upande. Nikataka kutia mkono ndani. Kisha nikaiona bitana, nyeupe, safi, na viganja vyangu, nikaogopa kuichafua.

Ndivyo ilivyokuwa. Sina maelezo mengine.

Hata yeye alipaswa kutia mkono, ndivyo tunavyowafundisha kila kliniki. Lakini furaha ilimzidi, akavaa palepale, akaomba kioo. Nikamshikia kile kipande chetu kilichopasuka, nikakishusha hadi sakafuni. Alijitazama muda mrefu, kengele ya baiskeli inalia.

"Isaya hakudanganya," akasema.

Siku ya tisa Baba Skola alimleta amemfunga kwenye baiskeli kwa kanga, ana homa, mguu wa kulia umevimba mpaka gotini. Daktari aliuliza kimemchoma nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi ya kuchorea miguu mkononi. Niliona kidonda kilipo: ubavuni, chini kabisa ya pale bizimu linapokaa.

"Kisiki, daktari," Mama Skola akasema. "Kisiki cha mkorosho."

Akanitazama, kisha akageukia ukuta. Daktari akaandika kisiki. Ningeweza kufungua mdomo. Sentensi moja ingetosha, tena fupi. Badala yake nilirudi karakanani nikanoa kisu ambacho hakikuwa butu. Kesho yake mguu ulikatwa chini ya goti.

Sikumuuliza kwa nini alisema kisiki. Niliogopa jibu. Alipelekwa kwingine kuwekewa mguu bandia, na siku zake za kliniki zilipofika nilikuwa na safari za kufuata ngozi ambazo zingeweza kabisa kusubiri.

Kazi iliendelea. Niliacha yale makubadhi ya trekta, nikashona viatu vyenye sura, na wagonjwa wakavivaa mpaka kanisani, mpaka msikitini, mpaka kwenye ngoma. Chuma hakikuingia tena. Wenye ukoma wakawa wachache, wakaongezeka wenye kisukari: walimu, wenye maduka, maofisa kutoka mikoa ya mbali wanaoona aibu kuulizwa namba ya kiatu. Wote niliwakagulia kwa mkono, mara mbili. Zuhura, uliwahi kuniuliza kwa nini mara mbili. Nilikujibu ni mazoea. Nilikudanganya.

Siku ya kuniaga ulikuwepo. Mganga mfawidhi alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeumizwa na kiatu changu. Vigelegele vikapigwa, nikavishwa kitenge. Mliona nimeshika sahani ya pilau nimeinamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, wanangu, na haijaniacha tangu siku hiyo. Nikikaa inanisimamisha.

Wiki iliyopita nilipanda bodaboda mpaka Chiungutwa. Nilimkuta Mama Skola uani anaanua makopa, ile mihogo mikavu, anayapanga ndani ya kikapu. Nywele nyeupe zote. Mgongo umenyooka kama zamani.

"Hodi hapa."

"Karibu, Baba Imelda. Umechelewa."

"Nimechelewa, mama. Miaka kumi na sita."

"Kaa basi."

Sikuweza kukaa. Nikasema nikiwa nimesimama: bizimu, ribiti, rangi ya viatu, bitana nyeupe. Nikasema kwamba nilijua tangu mlangoni na nikanyamaza. Alipanga makopa mpaka nilipomaliza.

"Mimi nilijua kabla yako," akasema. "Jioni ya kipaimara nilivua kiatu nikaona damu. Nikatia mkono. Nikaing'oa kwa koleo la Baba Skola, nikafunga kitambaa nikidhani kitapona chenyewe."

"Kwa nini ulisema kisiki?"

"Ningesema kiatu, wangekuondoa pale, au wangekurudisha kwenye matrekta yako. Wenzangu wangeanza tena kuficha makubadhi kikapuni. Nilishawaona asubuhi ile nilipotoka kwako, wanavyovitazama viatu vyangu, kila mmoja anavitaka." Akaguguna kipande cha kopa, akakitema. "Ila nilikasirika, usije ukadhani sikukasirika. Roho ya upole ya Petro wako sikuwa nayo. Miaka miwili nikisali Baba Yetu naruka pale pa kusamehe. Nakohoa, napita."

Nikalia. Mzee mzima, uani kwa watu, mbele ya kuku.

"Nyamaza nikwambie jingine," akasema. "Ile kipaimara, kutoka mlangoni hadi altareni, watu walinitazama usoni. Tangu niugue ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa mzuri, Fundi. Mguu umekwenda, lakini siku ile nilikuwa mzuri, na wewe ndiye uliyeshona. Usije hapa kuniambia vile viatu vilikuwa makosa matupu, utaninyang'anya na hiyo."

Ndipo nikatazama chini. Mguu wa kulia ni wa bandia, umevaa raba ya kawaida. Wa kushoto, ule wake mwenyewe, ulikuwa ndani ya kiatu changu. Ngozi imepasukapasuka, soli imebadilishwa, bizimu limepoteza rangi. Kimepigwa rangi asubuhi hiyohiyo.

"Huo bado unakwenda vigangoni," akasema. "Isaya hakuhesabu vidole."

Akaingia ndani, akatoka na Biblia. Katikati yake mlikuwa na kikaratasi kilichokunjwa, na alipokinyanyua nikaona ukurasa umetoboka, na wa chini yake, na wa chini yake tena.

"Ichukue. Imenitobolea Isaya yote, sasa inamwanza Yeremia."

Barua kwa mganga mfawidhi nimeiambatanisha na haya. Nimeandika kila kitu kwa jina langu, na nimeomba faili la Mama Skola lisahihishwe: si kisiki, ni kiatu. Wakitaka kunivua kitenge wanivue, yeye ameshaniruhusu kusema na ameniagiza jozi mpya, yenye bizimu, la kushonwa kwa uzi.

Na wewe, Zuhura, shona viatu vizuri, vya kupendeza. Usimwambie mgonjwa kwamba uzuri ni ubatili wakati wewe una vidole kumi. Mungu anaangalia moyo, hiyo ni kazi yake na anaiweza. Sisi tumepewa miguu. Ile ribiti nimeiacha kwenye droo yako ya juu, ndani ya kikaratasi kilekile. Usiitazame. Ipapase.